Hiyo "chanjo ya UKIMWI" nani kaigundua?

SWALI: Shikamoo, mwalimu. Nimekutana na sentensi hii: "Wanasayansi wamegundua chanjo ya UKIMWI inayochomwa mara mbili kwa mwaka." Rafiki yangu anasema palipaswa kuandikwa "wamevumbua", kwa sababu kugundua ni kwa vitu vilivyokuwapo tangu hapo. Nani yuko sahihi? Na wingi wa "ugunduzi" ni "gunduzi" au "magunduzi"?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mwambie rafiki yako ameshinda kesi ndogo na kuiacha kubwa mahakamani. Ukiwaondoa wanasayansi wenyewe na hiyo sindano ya mara mbili kwa mwaka, kila neno lenye uzito katika sentensi hiyo limekaa pasipo pake. Kitenzi sicho, nomino siyo, na hata ugonjwa sio wenyewe.

Tuanze na ulichouliza. Kugundua ni kulifikia jambo lililokuwapo bila watu kulijua. Kubuni na kuunda ni kuleta kisichokuwapo. Kuvumbua limekaa katikati, na matumizi yamelikubali pande zote mbili, ndiyo maana tunamwita mvumbuzi mtu aliyefika kwenye chanzo cha mto na pia aliyetengeneza cherehani. Yasikilize vizuri maneno haya mawili: vumbua na gundua yana mkia ule ule wa fumbua, funua, fukua na zibua. Kilifichika, sasa ki wazi. Asili ya maneno itutoshe hapo, tuna kazi nyingine.

Ukitaka mfano mmoja wa kuonyesha mpaka, chukua CRISPR. Bakteria huhifadhi vipande vya DNA ya virusi vilivyowahi kuwashambulia, ili vikirudi wavitambue na kuvikatakata. Mfumo huo ulikuwapo kabla ya binadamu yeyote kushika hadubini, kwa hiyo uligunduliwa. Kisha mwaka 2012 Emmanuelle Charpentier na Jennifer Doudna wakaonyesha kwamba mkasi wa bakteria unaweza kuelekezwa ukate DNA pale mtu anapotaka. Hapo hawakugundua tu, walibuni zana, na mwaka 2020 wakapewa Nobel ya kemia. Mwishoni mwa 2023 Uingereza, na baada yake Marekani, zikaidhinisha matibabu ya selimundu yanayotumia zana hiyo. Kugundua, kubuni, kuidhinisha: vitenzi vitatu vya hatua tatu na watu tofauti. Magazeti yetu yaliziandika zote kwa neno moja, na huhitaji kuambiwa ni lipi.

Kugundua limekuwa panga la kukatia kila kitu, kuanzia gogo hadi kucha. Mtu akipima, kagundua. Akikisia, kagundua. Akitengeneza molekuli maabara, kagundua. Akirudia jaribio la mwenzake akapata jibu lile lile, naye kagundua! Nimesoma mara nyingi kwamba "Einstein aligundua mawimbi ya mvutano". Mawimbi hayo ni mitikisiko ya anga lenyewe, na hakuyagundua. Aliyatabiri mwaka 1916, kwa karatasi na kalamu. Yaliyonaswa yalinaswa tarehe 14 Septemba 2015 na mitambo miwili ya LIGO huko Marekani, yenye mikono ya kilomita nne kila mmoja na uwezo wa kuhisi badiliko la urefu dogo kuliko kiini cha atomu. Kati ya "kutabiri" na "kunasa" ipo miaka 99 na watu waliozeeka wakihangaika na vioo na leza. Mwandishi mmoja mvivu huifuta yote kwa kitenzi kimoja. Kwa upande mwingine, chembe ya Higgs ilitabiriwa mwaka 1964, na CERN, maabara ya fizikia ya Ulaya, walipotangaza tarehe 4 Julai 2012 kwamba wamegundua chembe mpya inayolingana nayo, neno hilo lilikuwa mahali pake kabisa. Sina ugomvi na kugundua kunapokuwa ni kugundua.

Hata wenye zawadi zao hutenganisha vitenzi. Nobel ya kemia ya 2024 iligawanywa nusu kwa nusu. Nusu ya kwanza alipewa David Baker kwa kubuni protini ambazo hazikuwapo duniani. Ya pili walipewa Demis Hassabis na John Jumper kwa kubashiri maumbo ya protini zilizopo, kazi ambayo programu yao ya AlphaFold imeifanya kwa protini zaidi ya milioni 200. Kubuni huku, kubashiri kule, na hundi ikakatwa katikati. Mwaka 2025 mambo yakawa vivyo hivyo. Mary Brunkow, Fred Ramsdell na Shimon Sakaguchi walipewa zawadi ya tiba kwa kugundua jinsi mwili unavyojizuia kujishambulia wenyewe. Susumu Kitagawa, Richard Robson na Omar Yaghi walipewa ya kemia kwa kuunda mifumo ya metali na kaboni yenye vitobo vinavyoweza kunasa gesi. Sasa tafuta jinsi habari hizo mbili zilivyoandikwa kwa Kiswahili, na kama hukuona "wagunduzi" kote kote, nipe anwani ya gazeti hilo nilinunue kila siku.

Lakini hayo yote ni maji ya kunawa. Chakula chenyewe ni hiyo "chanjo ya UKIMWI".

Dawa inayozungumzwa ni lenacapavir. Iliundwa na wanakemia wa kampuni ya Gilead, kwa hiyo kitenzi cha kwanza ni kuunda, na kilikwisha kutendeka miaka kadhaa kabla ya vichwa vya habari. Kilichotangazwa Juni 2024 ni matokeo ya jaribio lililofanyika Afrika Kusini na Uganda kwa wasichana na wanawake wa miaka 16 hadi 25. Waliochomwa lenacapavir walikuwa 2,134, na hakuna hata mmoja aliyeambukizwa VVU. Katika kundi la 1,068 waliopewa kidonge cha kila siku cha zamani, 16 waliambukizwa. Jaribio halikugundua dawa. Liliipima, na watafiti wakabaini kwamba inakinga. Kubaini ni kitenzi kizuri, kifupi, kina heshima zake, na sijui kimewakosea nini wahariri.

Sasa "chanjo". Neno hili limetokana na kuchanja, kitenzi kile kile cha kuchanja kuni, kwa kuwa enzi za ndui ngozi ilichanjwa kweli. Siku hizi hatuangalii tena jeraha, tunaangalia kazi: chanjo huufundisha mwili kumtambua adui kabla hajafika, ili siku akija akute ulinzi umeshasimama. RTS,S ni chanjo ya malaria, Shirika la Afya Duniani liliipendekeza Oktoba 2021, na R21 ikafuata Oktoba 2023. Zile za mRNA, molekuli inayoupa mwili maelekezo ya kutengeneza protini, dhidi ya UVIKO-19, zilizotokana na kazi iliyowapa Katalin Karikó na Drew Weissman Nobel ya mwaka 2023, ni chanjo pia. Zote zinafundisha.

Lenacapavir haifundishi chochote. Inachomwa chini ya ngozi, inabaki hapo ikijitoa kidogo kidogo, na inalishika ganda linalobeba jeni za kirusi hata kirusi kishindwe kufanya kazi yake. Ulinzi wote ni wa dawa yenyewe. Miezi sita ikipita bila sindano nyingine, dawa inaendelea kupungua mwilini na ulinzi unapungua nayo, kwa sababu mwili haukujifunza lolote la kuendelea nalo. Na kuchomwa sindano si kuchanjwa! Kama kila sindano ingekuwa chanjo, basi hata ya ganzi kwa daktari wa meno ingekuwa chanjo ya jino.

Utaniambia nabishania maneno. Nabishania miezi sita. Anayeambiwa kwamba amechanjwa atahesabu sindano zake kama zilivyohesabiwa zile za utotoni, kisha ataaga na kwenda zake, akiamini kuwa kazi imekwisha. Wahudumu wa afya waliliona hilo mapema, ndiyo maana wao husema "dawa kinga". Maneno mawili tu. Yanasema ni dawa, yanasema inakinga, wala hayamdanganyi mtu kuhusu itakapokwisha. Neno lipo, linatumika kliniki kila siku, na bado mwandishi anapita mbele yake kama hamjui.

Kisha "UKIMWI". Sindano hii inakinga dhidi ya VVU, yaani kirusi. UKIMWI ni hali inayokuja baadaye, kirusi kikiachwa kifanye kitakavyo hadi kinga ya mwili iporomoke. Mtu anaweza kuishi na VVU miaka mingi, akameza dawa zake, na asiuone UKIMWI kabisa. Kuviita vyote kwa jina moja ni kumsomea hukumu mtu ambaye hata kesi yake haijaanza. Hapa nalegeza kidogo, maana jina lenyewe limetuponza: VVU ni "virusi vya UKIMWI", ugonjwa umeshonewa ndani ya jina la kirusi, na huwezi kumlaumu sana msomaji anayechanganya. Mwandishi wa habari za afya, huyo namlaumu.

Na usifikiri nimemaliza, kwa sababu kuna toleo la pili la sentensi yako, baya zaidi: "Tiba ya UKIMWI yapatikana." Tiba tumeipata kwa Waarabu, na inabeba mambo mawili, taaluma ya uganga na kitendo cha kutibu. Haibebi la tatu, kuponya. Hapo ndipo watu wanapoteleza, na lenacapavir inawatelezesha vizuri kwa sababu ilianza kweli kama dawa ya kutibu. Mwaka 2022 iliidhinishwa Ulaya, kisha Marekani, itumiwe pamoja na dawa nyingine na watu wenye VVU sugu ambavyo dawa nyingi zilikuwa zimeshindwa kuvidhibiti. Kwa hiyo ukiandika kwamba lenacapavir inatibu VVU, sina pa kukushika. Ukiandika kwamba inaponya, nakushika shati. Wazee waliposema daktari hutibu na Mungu huponya, pamoja na dini yao walikuwa pia wanatupa somo la vitenzi: kutibu ni kazi, kupona ni matokeo, na kazi inaweza kufanyika kila siku miaka thelathini bila hayo matokeo kufika. Mwenye shinikizo la damu anatibiwa. Mwenye kisukari anatibiwa. Hakuna anayewaambia kwamba wamepona, isipokuwa matapeli.

Sentensi yako, basi, ingeandikwa hivi: "Watafiti wamebaini kuwa dawa kinga inayochomwa mara mbili kwa mwaka inazuia maambukizi ya VVU." Mhariri atanung'unika kwamba imerefuka. Imeongezeka maneno machache, apunguze tangazo la pembeni.

Kuna na "wamethibitisha", lakini hilo ni la siku nyingine, nitalitaja kwa upesi tu. Mwaka 2011 watafiti wa jaribio la OPERA walitangaza kwamba walipima chembe za nyutrino zikifika nanosekunde 60 mapema kuliko mwanga ambavyo ungefika. Wao wenyewe walisema kwa tahadhari, wakaomba wenzao wawasaidie kutafuta kosa. Kwingineko ikaandikwa kwamba imethibitishwa, Einstein aliyesema hakuna kinachoupita mwanga amekosea. Kosa likapatikana: waya wa nyuzi za mwanga haukuwa umekaza vizuri. Kitenzi walichokistahili siku ile ni "wamepima", au "wameripoti". Nisingependekeza "wadai", maana katika magazeti yetu anayedai huwa ameshafungwa nusu kifungo.

Nirudi kwenye wingi. "Ugunduzi" unaweza kuufuata utafiti, ukatoa "gunduzi" kama tulivyopata "tafiti", au ukaongezewa ma- ukawa "magunduzi". Nimeyakuta yote mawili kwa waandishi wanaojua wanachofanya. Mimi nasema "magunduzi", kwa sababu tu "gunduzi" inanigonga sikioni kama jina la ndege wa porini. Wewe chagua, mradi upatanishe: "gunduzi hizi", "magunduzi haya". Juzi nimesoma "ugunduzi hizi zote" katika makala iliyokuwa na majina ya wahariri wawili chini yake. Wawili!