Kabla Hujakubali Kufomati Memori Kadi

Mwaka 2017 nilimrekodi nyanya yangu jioni tatu mfululizo. Alikaa kwenye mkeka uani kwetu hapa Arua, Uganda, akanieleza jinsi wazee wake walivyovuka kutoka upande wa Kongo, nani alizaliwa na nani, na nani alipewa shamba gani. Sauti hiyo yote niliihifadhi kwenye memori kadi ya simu. Wiki chache baadaye simu ikaniandikia kwamba kadi imeharibika, niifomati ndipo niweze kuitumia. Nikakubali, kwa sababu nilidhani kufomati ni kutengeneza. Nyanya alifariki mwaka uliofuata. Kadi ile nilikuwa nimeshaijaza nyimbo na filamu juu ya maneno yake.

Baadaye nilifungua meza sokoni, ya kuwawekea watu nyimbo na filamu zilizotafsiriwa kwenye kadi na flashi. Kwa miaka niliyokaa pale nimeshika kadi nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na ninayoyaandika hapa ni yale ambayo laiti mtu angenieleza kabla sijabonyeza.

Simu inaposema kadi imeharibika, mara nyingi maana yake ni kwamba imeshindwa kusoma ile orodha inayoonyesha faili gani iko wapi. Ni kama daftari la stoo limelowa mvua: magunia bado yapo ndani, ila hakuna anayejua lipi ni la nani. Kufomati ni kulitupa daftari na kufungua jipya tupu. Kuanzia hapo kila picha mpya unayopiga inaweza kukalia mahali pa ile ya zamani, na ikishakalia, hakuna fundi wa kuirudisha. Kwa hiyo ukiuona ujumbe huo, usikubali. Zima simu, toa kadi, iweke kando mpaka ujue mgonjwa ni nani: kadi, simu, au uchafu tu.

Uchafu usiudharau. Huku kwetu kiangazi kikikaza, vumbi jekundu huingia hata ndani ya sanduku lililofungwa, sembuse simu inayokaa mfukoni mwa mwendesha boda. Geuza kadi uitazame ile michirizi ya rangi ya dhahabu. Ukiona weusi, isugue taratibu kwa kifutio cha penseli, kisha ipanguse kwa kitambaa kikavu kilicho safi. Usipulize kwa mdomo, maana mate ni maji na maji yanaleta kutu. Wapo watu kadhaa waliokuja mezani kwangu wakijiandaa kununua kadi mpya, wakaondoka na ile ile yao baada ya dakika tano.

Ikikataa bado, fanya kubadilishana. Weka kadi yako kwenye simu ya ndugu, au bora zaidi kwenye kompyuta kwa kisoma kadi, halafu weka kadi ya ndugu kwenye simu yako. Kadi ikisomeka kule, mgonjwa ni simu, na pengine ni ile sahani ya kuwekea laini iliyopinda. Ikikataa kote, mgonjwa ni kadi. Ikisomeka popote pale, hata kwa kusuasua, kazi ya kwanza ni kunakili kila kitu, na maswali mengine yatafuata.

Lakini kuna kadi ambayo jaribio hili litakudanganya, na hapa nataka uwe makini. Tangu Android 6.0 ya mwaka 2015, simu nyingi ukiweka kadi mpya zinakuuliza: itumike kama hifadhi ya kubebeka, au kama hifadhi ya ndani ya simu? Wengi wenye simu zenye nafasi ndogo huchagua ya pili, kwa sababu programu huweza kuhamia huko. Wasichojua ni kwamba simu huifunga kadi hiyo kwa ufunguo wa siri, na ufunguo wenyewe unakaa ndani ya simu ileile. Ukiitoa ukaiweka kwenye kompyuta, itaonekana kama kadi mbovu au tupu.

Kijana mmoja wa boda alinijia na kadi ya namna hiyo. Simu yake ilikuwa imekanyagwa na gari, kioo kimevunjika, haiwaki. Nikamuuliza simu iko wapi.

"Nataka kuiuza kwa vipuri, kaka. Picha ziko kwenye kadi, simu ya nini tena?"

Nilimwambia akimbie akaizuie. Fundi aliweka kioo kingine na betri, simu ikawaka, kadi ikarudishwa mahali pake, picha zikaonekana zote. Angeiuza, au fundi angeirudisha simu katika hali ya kiwandani, kadi ile ingebaki kipande cha plastiki chenye mambo yasiyosomeka milele. Ushauri wangu: chagua hifadhi ya kubebeka kwa chochote unachokipenda. Ukiwa umeshachagua ile ya ndani, hamisha picha kwenda kwingine kwanza, ndipo umkabidhi fundi simu.

Sasa kadi za uongo. Hizi zimeliza watu wengi, nami nimo, kwa sababu nilizinunua Kampala nikazileta Arua kwa basi la usiku nikawauzia wateja wangu kwa moyo safi. Zilikuwa zimeandikwa GB 128, bei shilingi 20,000, na ningepaswa kushtuka hapo hapo. Kilichofanywa ni hiki: kadi yenye nafasi ndogo, tuseme GB 8, ndani yake imebadilishwa maelezo ili iiambie simu kwamba ina 128. Simu huamini. Utaweka nyimbo, zitacheza, utafurahi. Ukishavuka GB 8 za kweli, kadi inaendelea kupokea faili huku haina pa kuziweka. Huziandika juu ya nyingine au huzitupa kimyakimya. Siku moja unafungua picha za arusi, nusu ya juu ni bibi arusi, nusu ya chini ni rangi ya kijivu. Jina la faili lipo, ukubwa upo, ndani hamna kitu.

Njia ya kuigundua ni kuijaribu siku ile ile unayoinunua. Kwenye kompyuta ya Windows kuna programu ya bure iitwayo H2testw, na kwa wanaotumia Linux ipo F3. Zinaijaza kadi yote kwa data, kisha zinaisoma tena na kukuambia ni kiasi gani kilichorudi salama. Inachukua muda mrefu, kwa hiyo iache usiku kucha, na kadi iwe tupu. Baada ya masaibu yale sikuuza tena kadi ambayo sijaijaribu, nikawarudishia pesa wale niliowafahamu. Usichanganye jambo hili na kadi ya GB 32 inayoonyesha 29 na kitu. Hiyo ni salama: mtengenezaji anahesabu kwa elfu, kompyuta inahesabu kwa 1,024, tofauti inatokea hapo.

Nyingine huchoka tu kwa umri. Dalili yake ni ya ajabu mara ya kwanza ukiiona: unafuta picha, zinafutika, unazima na kuwasha simu, zimerudi zote. Unafomati, simu inasema tayari, faili bado zipo. Si uchawi wala virusi. Kadi imejifunga isiandikike tena, kwa sababu sehemu zake za kuandikia zimechakaa. Ishukuru kwa kukuachia njia ya kusoma, nakili kila kilichomo leo hii, kisha uiache ipumzike.

Kitu kinachoua kadi nzima mapema ni kuichomoa simu ikiwa inawaka. Hapa Uganda sababu ninaijua. Mtu ana laini ya MTN na laini ya Airtel, na simu nyingi zina tundu moja linalopokea ama laini ya pili ama memori kadi. Anataka kupokea pesa kwenye laini ya pili, anachomoa kadi, anatia laini, akimaliza anarudisha, mara nne kwa siku. Siku simu inapokuwa katikati ya kuandika, ile orodha inakatika. Zima simu kwanza, au ingia kwenye mipangilio ya hifadhi ubonyeze palipoandikwa kuondoa kadi. Hali ni hiyo hiyo umeme ukikatika kompyuta ikiwa inanakili. Mimi nilikuwa nikinakili kwa kompyuta ya mapajani yenye betri nzima, sikukubali nyingine.

Kwa upande wa waya wa USB nitasema machache. Simu ikichaji lakini kompyuta haiioni, badilisha waya kabla ya kumlaumu yeyote. Nyaya nyingi za bei nafuu hazina zile nyuzi mbili za kupitishia data, zina za umeme tu. Waya ukiwa mzima, fungua simu kama imejifunga, vuta ile sehemu ya arifa chini, bonyeza ujumbe wa USB na uchague kuhamisha faili, kwa sababu Android za miaka hii huanza na kuchaji peke yake.

Flashi ikiunganishwa kwenye simu kwa adapta ya OTG, kile kiunganishi kidogo cha kuchomekea flashi kwenye simu, isionekane, angalia mambo mawili. Baadhi ya simu, kama za OPPO, zina swichi ya OTG kwenye mipangilio, na hujizima yenyewe ukikaa dakika 10 bila kuitumia. La pili ni mfumo wa flashi, yaani namna ilivyofomatiwa kupanga faili zake. Iliyofomatiwa kwa NTFS simu nyingi huikataa. FAT32 husomeka karibu kila mahali, ila haipokei faili moja inayofikia GB 4, ndiyo maana filamu ndefu yenye picha kali inagoma kuingia ingawa nafasi ipo tele. Kwa filamu kama hizo tumia exFAT, ukihakikisha kwanza kwamba simu yako inaisoma.

Flashi ikitoka kwenye duka la kuchapisha karatasi, folda zote zikawa njia za mkato (shortcut) za KB 1, usibonyeze hata moja. Hiyo ni virusi ya kompyuta iliyoficha folda zako na kuweka mitego yenye majina yale yale. Mali yako ipo. Tafuta kompyuta yenye kinga ya virusi, isafishe flashi kwa kinga hiyo, fungua lile dirisha jeusi la amri liitwalo Command Prompt, kisha andika attrib -h -r -s /s /d E:\*.* ukibadilisha E kwa herufi ya flashi yako. Folda zitajitokeza. Ndipo ufute zile njia za mkato.

Na picha zikitoweka kwenye galari huku nafasi iliyojaa kwenye kadi haijapungua, tazama kwa programu ya faili kabla ya kulia. Ndani ya folda kunaweza kuwa na faili ndogo iitwayo .nomedia, ambayo kazi yake ni kuiambia galari isiangalie humo. Ifute, picha zitarudi. Angalia pia folda ya LOST.DIR, ambako Android huweka vipande inavyoviokota kadi ikivurugika.

Mwaka jana alikuja mama mmoja muuza samaki, kadi ameifunga kwenye kaveera, mfuko wa plastiki, ndani ya leso. "Mwanangu, simu imeniambia nibonyeze, nikabonyeza. Picha hazipo." Humo mlikuwa na picha za watoto wake tangu wakiwa wadogo, na picha ya mkataba wa kiwanja wenye muhuri wa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji. Karatasi yenyewe ilikuwa imeliwa na mchwa.

"Mama, umepiga picha nyingine tangu hapo?"

"Hapana. Niliizima, nikaja moja kwa moja."

Jibu hilo ndilo lililomwokoa. Nilitumia PhotoRec, programu ya bure ambayo haiitazami ile orodha kabisa, inapita kwenye kadi kutoka mwanzo hadi mwisho ikitafuta kitu chochote chenye umbo la picha, sauti au video. Kanuni moja: kinachookolewa kihifadhiwe kwenye kompyuta, kamwe si kwenye kadi ile ile, la sivyo unazika unachokifukua. Kadi ya GB 16 ilichukua zaidi ya saa moja. Majina ya faili yalikuwa yamepotea, yamebaki namba tupu, basi mama akavuta kigoda, tukazipitia moja moja, yeye akiniambia huyu ni nani na ilikuwa sherehe gani. Chache zilikuwa zimeharibika. Mkataba tulioutafuta ulitoka karibu na mwisho, muhuri unasomeka.

Nilimchapishia karatasi mbili, kisha nikamnakilia kila kitu kwenye flashi mbili nilizozijaribu usiku uliotangulia. Moja akairudisha ndani ya leso. Nyingine alimpelekea dada yake anayeishi Koboko.