Maswali ya Wasomaji: Turbo kwenye gari ambalo halikuundwa nayo

SWALI: Mhariri, salaam. Niliagiza Toyota 86 yenye gia za mkono kutoka Japani, nikaipokea bandarini Mombasa na kuiendesha mwenyewe hadi Nairobi ninakoishi. Mombasa gari lilikuwa jepesi na lenye hamu ya kwenda, lakini nilipofika nyumbani nilihisi kana kwamba nimebeba abiria wanne nisiowaona. Fundi wangu amepata turbo iliyotolewa kwenye Subaru iliyogongwa. Anasema ataifunga kwa presha ya bari 0.7 bila kuifungua injini, kisha "ataidanganya" kompyuta ili iongeze petroli, na kazi yote itaisha ndani ya wiki moja. Je, nikubali?
Msomaji, Nairobi

JIBU: Ndugu msomaji, la kwanza ni kukuondolea wasiwasi: gari lako si bovu, ulichokihisi ni mwinuko. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na presha ya hewa huko ni bari 0.83 hivi, ilhali Mombasa ni bari 1 na nukta kidogo. Injini inayovuta hewa kwa nguvu zake yenyewe haina namna ya kulifidia pengo hilo, kwa hiyo ile iliyotoka kiwandani na nguvu za farasi 200 hivi hubaki na 165 au 170 ikishafika kwenu. Turbo ni pampu inayozungushwa na moshi wa ekzosi ili kuishindilia injini hewa zaidi. Wazo lako, basi, lina msingi mzuri. Mwaka 1918 mhandisi Mmarekani Sanford Moss alipandisha injini ya ndege hadi kilele cha Pikes Peak, Colorado, ambako ni zaidi ya mita 4,300, ili kuonyesha kwamba turbo inaweza kuirudishia nguvu ilizopoteza kwa sababu ya hewa nyepesi, na alifaulu. Tatizo liko kwenye injini unayotaka kuifungia, na kwenye namna fundi wako anavyotaka kuifunga.

Injini ya 86, inayoitwa FA20 na ambayo Toyota waliiandaa pamoja na Subaru, ina uwiano wa mgandamizo wa 12.5 kwa 1, maana yake ni kwamba pistoni inapopanda, mchanganyiko wa hewa na petroli hubanwa hadi nafasi yake inapungua mara kumi na mbili na nusu. Kila kitu kinachobanwa hupata joto, nawe umelihisi joto hilo kila ulipojaza upepo baiskeli kwa pampu ya mkono. Kiwango hiki ni cha juu, na Toyota na Subaru walikichagua kwa makusudi, kwa sababu bila turbo ndicho kinachotoa nguvu nyingi kutokana na hewa kidogo. Sasa ukiingiza hewa ambayo turbo imekwisha kuibana na kuipasha moto, halafu pistoni ikaibana tena kwa kiasi kilekile, petroli huanza kuwaka yenyewe pembeni kabla moto uliowashwa na plagi haujaifikia. Hapo ndipo mafundi wanaposema injini inagonga. Ukibahatika kuisikia, sauti yake hufanana na changarawe zinazotikiswa ndani ya mkebe, lakini ndani ya gari lenye redio na madirisha yaliyofungwa mara nyingi dereva hasikii chochote mpaka pistoni ipasuke kwenye kingo zinazoshika ringi.

Usinisadiki mimi, watazame Subaru wenyewe. Walipotaka kuifungia turbo injini ya ukoo huohuo wa FA20, yenye silinda za kipenyo kilekile cha milimita 86 na mwendo wa pistoni wa milimita 86, kwa ajili ya magari yao ya WRX na Levorg ya lita 2.0, waliushusha mgandamizo hadi 10.6. Na walipoandaa kizazi cha pili cha 86, kilichotoka mwaka 2021, waliacha kabisa habari ya turbo na badala yake wakaipanua injini hadi lita 2.4. Watu wenye maabara na bajeti ya kiwanda walipoyakwepa haya, fundi anayeahidi kuyamaliza kwa wiki moja anastahili kuulizwa maswali mawili matatu.

Jambo lenyewe si geni. Mwaka 1962 General Motors walitoa magari mawili yenye turbo kwa njia mbili tofauti. Chevrolet Corvair Monza Spyder ilipewa mgandamizo wa chini, 8.0, ikatulia. Oldsmobile Jetfire iliachwa na 10.25, na ili isigonge ikawekewa tangi dogo la maji yaliyochanganywa na methanoli ambayo yalinyunyiziwa kwenye hewa inayoingia. Wenye magari hawakukumbuka kulijaza tangi hilo, malalamiko yakazidi, na Jetfire nyingi zikaishia kuvuliwa turbo. Wewe hutakuwa hata na tangi la kusahau.

Sasa nije kwenye jambo ambalo ninahofu fundi wako hajalifikiria, nalo ndilo lililonifanya niichague barua yako. Kilango kinachopunguza presha ya turbo hushikiliwa na springi, na springi hiyo hupima tofauti kati ya presha iliyo ndani ya bomba na ile ya hewa ya nje. Ikiwekwa bari 0.7, itaongeza 0.7 juu ya hewa yoyote ile inayoikuta. Nairobi, 0.83 ukijumlisha 0.7 unapata kama 1.5. Ukishuka nayo hadi Mombasa, bila mtu yeyote kugusa skrubu hata moja, silinda zitapokea 1.7, tena ya hewa yenye joto zaidi. Injini iliyopimwa na kurekebishwa Nairobi ikaonekana salama inaweza kuanza kugonga njiani unapokwenda kuwasalimu wazazi pwani. Mteremko wenyewe hautakusumbua, kwa kuwa hapo injini haibebi mzigo. Itakusumbua pale Voi au Mackinnon Road, mchana wa jua, utakapokanyaga mafuta hadi mwisho ili kulipita lori. Kwa hiyo yeyote atakayelirekebisha gari hili ni lazima alirekebishe kwa ajili ya mahali pa chini kabisa utakapoliendesha. Nairobi litapungukiwa kidogo, na upungufu huo uukubali.

Kuhusu "kuidanganya" kompyuta, neno lenyewe linajieleza. Njia hiyo hubadilisha taarifa za sensa, yaani vihisio vinavyoipimia kompyuta hewa inayoingia, ili kompyuta iamini kwamba hewa ni kidogo au ni nyingi kuliko ilivyo, na kompyuta iliyodanganywa juu ya hewa huamua vibaya pia juu ya wakati wa kuwasha plagi. Kinachotakiwa ni ramani mpya ya injini, yaani maagizo ya kompyuta kuhusu petroli na wakati wa kuwasha plagi, iliyoandikwa na mtu anayeifahamu FA20, gari likiwa juu ya mashine ya kupimia nguvu, huku kifaa kinachosoma uwiano wa hewa na petroli kikiwa kimefungwa kwenye ekzosi. Injini inapobeba mzigo mzito ikiwa na turbo, uwiano huo unapaswa kuwa karibu na 11.5 kwa 1, yaani petroli nyingi kuliko ile 14.7 ya mwendo wa kawaida, kwa kuwa petroli ya ziada hupoza. Bahati nzuri, 86 ina nozeli zinazopuliza moja kwa moja ndani ya silinda pamoja na nozeli za kawaida, na zile za ndani hupoza mchanganyiko vizuri. Hiyo ndiyo sababu watu wengi duniani wameweza kuifungia turbo injini hii bila kuifungua na ikadumu.

Wameweza, lakini kwa presha ndogo. Ushauri wangu ni usizidishe bari 0.4. Usiidharau: kwa hewa ya Nairobi hiyo ni karibu nusu ya ziada ya hewa unayoivuta leo, na hata intakula, ile radieta inayopoza hewa inayotoka kwenye turbo, ikiacha joto kidogo lipite, utakuwa na gari lenye nguvu kuliko lilivyokuwa Mombasa. Zaidi ya hapo utakutana na konrodi, yaani vyuma vinavyounganisha pistoni na mhimili wa injini, ambazo ndizo sehemu dhaifu inayojulikana ya injini hii. Hupinda pale nguvu inapopanda ghafla kwenye mizunguko ya chini, na turbo ndogo iliyotoka kwenye gari jingine inapenda sana kufanya hivyo. Intakula si kitu cha kuongeza baadaye ukipata fedha. Plagi ziwe za aina inayopoteza joto haraka na mwanya wake upunguzwe. Bomba la kurudisha oili kutoka kwenye turbo lishuke kwa mteremko usio na kona, la sivyo oili itarundikana na kupenya kwenye ekzosi, nawe utadhani ringi zimekwisha. Turbo ya mtumba ikaguliwe mhimili wake kwa vidole: ikicheza juu na chini hadi mabawa yanagusa ukuta, iache hukohuko ilikotoka. Klachi ya kiwandani huenda ikastahimili, breki zitahitaji pedi bora, na kampuni ya bima iarifiwe kabla, kwa sababu gari lililobadilishwa bila taarifa ni kisingizio kizuri cha kutolipa.

Fundi wako akikataa ramani mpya na presha ndogo, mshukuru na uondoke. Kama fedha hazitoshi kuifanya kazi yote kwa wakati mmoja, badilisha gia za difu ziwe fupi zaidi, yaani injini izunguke mara nyingi zaidi kwa kila mzunguko wa gurudumu. Gari litavuta vizuri mjini na kwenye vilima, injini haitaguswa, na gharama haifiki hata karibu na ile ya turbo.

SWALI: Nina Altezza RS200 ya gia za mkono. Wengine wananiambia niifungie turbo injini iliyopo, wengine wananiambia ninunue 3S-GTE ya mtumba kwa kuwa "ni injini ileile yenye turbo." Nifuate ushauri upi?
Msomaji, Dar es Salaam

JIBU: Herufi 3S zisikuchanganye, ndugu yangu. Yako ni 3S-GE, ina mgandamizo wa 11.5 na inatoa nguvu za farasi 210 bila msaada. Ile 3S-GTE, iliyofungwa kwenye Toyota Caldina GT-T, ina mgandamizo wa 9.0, ina vinyunyizio vya oili chini ya pistoni, na ilitoka kiwandani na nguvu za farasi 260. Kwa turbo, ya pili ndiyo sahihi bila ubishi. Ugumu ni kwamba iliundwa kukaa kwa upana wa gari, ilhali ya Altezza imekaa kwa urefu, hivyo karta ya oili, mikono ya kushikia injini, mabomba na nyaya vyote ni kazi ya kutengeneza upya. Kazi hiyo inawezekana, ila uliza bei ya fundi kabla ya bei ya injini. Kumbuka pia kwamba namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari, na mabadiliko yake ni lazima yafikishwe TRA.

SWALI: Je, ni kweli kwamba gari lenye turbo lisizimwe mara tu linapofika?
Msomaji, Zanzibar

JIBU: Ni kweli ikiwa umetoka kuliendesha kwa kasi. Mhimili wa turbo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika na huelea juu ya oili. Ukizima ghafla ikiwa bado moto sana, oili iliyobaki ndani huungua na kuacha masizi. Turbo nyingi za siku hizi hupozwa pia na maji ya radieta, kwa hiyo huhitaji kukaa garini dakika tano ukisubiri. Endesha taratibu kilomita mbili za mwisho, kisha uzime.