Maswali ya Wasomaji: Mtaro wa mtaa

SWALI: Wakazi wa mtaa wetu Tabata tulichanga, tukazibua mtaro wa mita 80. Mvua ya pili tu, maji yakarudi barabarani. Tunakosea wapi? – Mjumbe wa shina

JIBU: Mjumbe, huenda mlianzia juu. Anzeni chini, kwenye mdomo unaomwaga maji, mpande nao. Mkianzia juu, maji yanateremka kwa kasi na kugota kwenye tope ambalo bado hamjalifikia.

Mteremko msiupime kwa macho. Chukueni mpira wa maji wa mafundi ujenzi, ule unaoonyesha ndani, urefu wa mita 12, mjaze maji bila mapovu. Ncha mbili zisimame mita 10 mbalimbali. Maji yakitulia yanakuwa usawa mmoja. Kutoka hapo pimeni hadi sakafu ya mtaro kila upande. Upande wa chini uzidi kwa sentimita 5 hadi 10.

Tope lisilale ukingoni, litarudi na mvua ya kwanza. Wekeni gharama ya kukodi kirikuu, kale kagari kadogo ka mizigo, ka kulibeba kwenye bajeti tangu mwanzo.

Ila mchawi mara nyingi ni vivuko vya mageti. Mtu analaza bomba la inchi 4, anafukia juu. Pampasi moja tu, limeziba. Ondoeni, mweke slabu za zege zenye nondo, za upana wa sentimita 40, watu wanne waweze kuzinyanyua wakati wa usafi. Hapa kutakuwa na ugomvi, kwa hiyo pitisheni kwanza kwenye mkutano wa mtaa, na kama barabara ni ya TARURA (Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini), ombeni kibali kabla ya kuvunja.