Siku moja Nara: gawaneni hadithi kabla ya kupanda treni

Mara ya kwanza nilifika Nara saa tisa alasiri. Asubuhi tulikuwa Kyoto, tukazunguka mahekalu matatu, tukala, kisha mmoja wetu akasema Nara iko jirani, twendeni. Kweli iko jirani, kwa treni ni kama dakika 45. Lakini tulishuka tumechoka, tukapiga picha na kulungu, tukaingia hekalu kubwa muda wa kufunga ukikaribia, na giza likatukuta kituoni. Nilirudi Osaka simu imejaa picha. Mama aliponipigia kuuliza nimeona nini, sikuwa na la kumsimulia.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza: msichanganye Nara na Kyoto siku moja. Huu ndio uliokuwa mji mkuu wa Japani kuanzia mwaka 710 hadi 784. Upeni siku yake.

Mara ya pili tulikwenda wanne: mimi, kaka mmoja wa Mombasa, na dada wawili wa Kijapani wanaosoma Kiswahili Chuo Kikuu cha Osaka. (Ndiyo, pale Kiswahili kinasomewa shahada, na wanakizungumza vizuri.) Mmoja wa hao dada ndiye aliyetoa wazo lililoibadilisha safari. Siku chache kabla alituandikia kwenye kundi letu la WhatsApp: kila mtu achague sehemu moja, aisome, kisha atusimulie tukiwa tumesimama pale pale. Hakuna kiongozi wa kulipwa, hakuna kusoma vibao. Fanyeni hivyo, nawaomba. Hilo halina gharama, na ndicho kitu pekee nisichoweza kukuambia ukanunue.

Kutoka Osaka tulipanda treni ya kampuni ya Kintetsu kituo cha Namba, dakika kama 40, nauli chini ya yen 1,500 kwenda na kurudi. Shukieni Kintetsu-Nara, kwa sababu bustani kubwa yenye mahekalu na kulungu iko hatua chache tu kutoka hapo; kituo cha JR, kampuni nyingine ya reli, kiko mbali zaidi. Ondokeni mapema. Ukumbi wa Todaiji, hekalu lenye sanamu kubwa ya Buddha, hufunguliwa saa moja na nusu asubuhi kuanzia Aprili hadi Oktoba, na saa mbili miezi mingine. Makundi ya mabasi yakifika, nyinyi mwe mmeshamaliza kusikilizana.

Kulungu mtawakuta njiani. Wako zaidi ya elfu moja, hawafungwi, na tangu zamani wanahesabiwa kuwa wajumbe wa mungu wa hekalu la Kasuga. Wengi wamejifunza kuinamisha kichwa kuomba biskuti zao, zinazouzwa pale bustanini. Mpe haraka. Ukimchezea kwa kumwonyesha na kuficha, atakung'ata au kukupiga kichwa, na haki atakuwa nayo. Zikiisha, mwonyeshe viganja vitupu, ataondoka. Mwezi Juni akina mama wana watoto, na msimu wa vuli madume yana hasira, kaeni mbali. Na plastiki yoyote irudi nayo mfukoni mwako. Mwaka 2019 kulungu kadhaa walikutwa wamekufa na plastiki tumboni, mmoja akiwa na zaidi ya kilo 4. Sisi tunaotoka nchi zilizopiga marufuku mifuko hiyo hatuna kisingizio.

Hadithi ya kwanza ilikuwa ya kaka wa Mombasa, kwenye Nandaimon, lango kubwa la Todaiji. Ndani yake wamesimama walinzi wawili wa mbao, kila mmoja zaidi ya mita 8, na watalii wengi hupita katikati yao wakiangalia simu. Alitusimamisha akatueleza kuwa walichongwa mwaka 1203 na Unkei, Kaikei na mafundi wao, kwa siku kama 70 tu. Baba yake ni seremala, kwa hiyo alituonyesha viungo, jinsi vipande vingi vya mbao vilivyounganishwa vikaonekana mwili mmoja wenye mishipa na ghadhabu. Tulikaa pale nusu saa.

Kisha Buddha mkubwa. Sanamu ya shaba, kimo cha mita 15 hivi, ndani ya jengo la mbao ambalo hata baada ya kuungua mara mbili na kujengwa upya dogo kuliko la awali, likakamilika mwaka 1709, bado linakufanya ushushe sauti. Dada mwenye wazo alikuwa ameichagua hii. Alianza na ugonjwa: ndui iliyoua watu wengi sana Japani kati ya 735 na 737. Mwaka 743 Mfalme Shomu akatangaza kuwa sanamu itajengwa, na kwamba mtu yeyote anayetaka kuchangia, hata kama ana jani moja la nyasi au konzi ya udongo, apokelewe. Mwaka 752 ikafanyika sherehe ya kuyafungua macho ya sanamu. Mtawa kutoka India, Bodhisena, ndiye aliyeshika brashi ya kuchora mboni. Kwenye brashi zilifungwa nyuzi ndefu, na watu waliokuwepo wakazishika, ili mkono wa kila mmoja uwemo.

Aliyasema yote hayo kwa Kiswahili, polepole, akitafuta maneno. Alipofika kwenye nyuzi alisita, akasema, "Wote walichora pamoja." Nilikuwa nimepita mbele ya sanamu ile ile mara ya kwanza na sikuwa nimeona kitu.

Chakula cha mchana kilikuwa kakinoha-zushi, wali na samaki wa chumvi kama kibua, vilivyofungwa kwa jani la mti wa mpasimoni. Nara haina bahari, samaki waliletwa kutoka mbali, na chumvi na jani vikawahifadhi. Jani halilwi. Kwa Waislamu, ulizeni kabla ya kula: supu nyingi za tambi zina nguruwe, na michuzi mingi ina mirin, ambayo ni kileo.

Sehemu yangu ilikuwa Shosoin, ghala la mbao nyuma ya ukumbi wa Buddha, limeinuliwa juu ya nguzo kama maghala ya nafaka ya vijijini kwetu. Linatazamwa kwa nje tu, na siku za kazi, ndiyo maana tulikwenda Ijumaa. Shomu alipofariki mwaka 756, mjane wake Komyo alivitoa vitu vya mumewe vikawa sadaka kwa hekalu la Todaiji, na vikatunzwa humo karne kwa karne. Kuna kinanda cha nyuzi tano chenye picha ya mtu juu ya ngamia, iliyopambwa kwa lulumizi, na bakuli la kioo kutoka Uajemi. Mimi ni wa Pwani, jina la Uajemi nimelisikia tangu utotoni. Sikutarajia kulikuta huku. Vitu vyenyewe huonyeshwa kwa zamu kila msimu wa vuli, kwa wiki mbili hivi, katika Makumbusho ya Taifa ya Nara.

Kasuga na taa zake zipatazo 3,000 tuliiacha, na tulibishana kidogo kabla ya kukubaliana. Kubalianeni mapema nini kitaachwa.

Jioni tulipanda ngazi hadi Nigatsudo, hekalu lenye baraza linaloutazama mji wote, bila kiingilio. Hadithi ya mwisho ilikuwa ya dada wa pili: kila Machi, tangu 752, watawa hufanya ibada ya Omizutori hapo bila kukosa mwaka, na mienge mikubwa hukimbizwa kwenye baraza ile usiku, cheche zikiwaangukia watu chini, nao hufurahi kuzipata. Alituonyesha kwa mkono mwenge unapoanzia na unapoishia. Jua lilikuwa linazama nyuma ya mapaa. Tukatafuta simu zetu, tukaangalia treni za saa moja, tukaamua kupanda ya saa mbili.