Tarehe 31 iliyopotea kwenye ripoti

Mwenye baa mmoja niliyemtengenezea mfumo wa mauzo kwa Django (zana ya Python ya kujengea mifumo ya wavuti) alinipigia simu mwezi wa tisa ulipoanza: "Fundi, mauzo ya tarehe 31 yako wapi? Jumamosi ile tulikosa hadi viti!"

Nilikuwa nimechuja mauzo kwa `muda__range` (`muda` ni safu ya wakati wa kila mauzo, `__range` ni kutoka hapa hadi pale), kuanzia `date(2024, 8, 1)` hadi `date(2024, 8, 31)`. Ukiipa Django tarehe tupu wakati safu ina tarehe na saa, inaichukua kama 00:00, siku inapoanza. Jumamosi yote ikabaki nje. Onyo la `naive datetime`, yaani wakati usiotaja ukanda wa saa, lilikuwa likitokea kila mara, nami nikalinyamazia. Usiweke kiraka cha 23:59:59, maana risiti ya nusu sekunde baadaye itakuponyoka. Tumia `__gte` (kuanzia hapo na kuendelea) kwa mwanzo na `__lt` (kabla ya hapo) kwa mwanzo wa kipindi kinachofuata; hata mwezi una siku ngapi hutajali.

Kisha nikagundua `TIME_ZONE`, mpangilio wa ukanda wa saa, bado ni `UTC` (saa ya kimataifa), kama mradi mpya unavyokuja. Sisi tuko saa tatu mbele, kwa hiyo siku ya mfumo ilianza saa tisa usiku. Nikaweka `Africa/Dar_es_Salaam`, nikajipongeza. Kumbe nimeharibu zaidi! Sasa usiku wa Jumamosi ulikatwa vipande viwili saa sita kamili, na daftari la kaunta likazidi kupishana na ripoti. Kosa la zamani, la kukata siku saa tisa usiku, lilikuwa limenibeba bila mimi kujua.

Hapo ndipo nikauliza swali nililopaswa kuuliza siku ya kwanza: bosi, siku yako inaanza lini? Akajibu, "Tunafungua saa nne asubuhi, tunafunga saa kumi usiku." Kwake hiyo ni siku moja, kalenda iseme itakavyo.

```
tz = ZoneInfo("Africa/Dar_es_Salaam")
mwanzo = datetime(2024, 8, 31, 10, tzinfo=tz)
Mauzo.objects.filter(
    muda__gte=mwanzo,
    muda__lt=mwanzo + timedelta(days=1),
)
```

Saa nne asubuhi ni 10, si 4. Nacheka, lakini mara ya kwanza niliandika 4.

`muda__date`, inayochuja kwa tarehe pekee, ni fupi na inavutia, ila inakata siku saa sita usiku. Tena inabadilisha saa ya kila rekodi kabla ya kulinganisha, hivyo faharasa (index, ya kuharakisha utafutaji) ya kawaida ya safu hiyo haisaidii. Jedwali likinenepa, ripoti itakuja kwa kujikokota.