Maswali yenu kuhusu ORS, dawa ya chumvi na sukari ya kuchanganya na maji na kumnywesha anayeharisha: ilikotoka na inavyochanganywa

Kwa nini ORS ina sukari? Si sukari ndiyo inayozidisha kuharisha?

Ikizidi, ndiyo. Soda na juisi tamu huvuta maji ya mwili yaingie utumboni. Ikiwa kwa kipimo, kazi yake ni nyingine: ukuta wa utumbo hupokea sodiamu ya chumvi ikiandamana na glukosi (aina ya sukari), na maji hufuata. Mwanasayansi Robert Crane aliueleza utaratibu huo mjini Prague mwaka 1960. Sumu ya kipindupindu huvuruga mengi tumboni, lakini njia hiyo haiizibi. Ndiyo maana maji ya chumvi peke yake hayatoshi.

Zamani walitibuje?

Waliobahatika walitundikiwa dripu. Thomas Latta, daktari wa Leith huko Scotland, aliwatia wagonjwa wa kipindupindu maji ya chumvi mshipani mwaka 1832. Mwaka 1968, mjini Dhaka, madaktari David Nalin na Richard Cash walionyesha kwamba mgonjwa anayekunywa maji ya glukosi na chumvi huhitaji dripu chache sana. Madaktari wengi hawakushawishika.

Kisha ikaja vita ya Bangladesh, 1971. Wakimbizi walifurika Bangaon, India, kipindupindu kikawaingia, na dripu zikamwishia daktari Dilip Mahalanabis. Akachanganya glukosi, chumvi ya mezani na bikaboneti ya sodiamu, akajaza mapipa yenye bomba. Ndugu wa wagonjwa wakawa wanakinga na kuwanywesha wenyewe. Vifo vilishuka kutoka takriban 30 kwa kila wagonjwa 100 hadi chini ya 4. Kwetu sisi, jambo kubwa pale ni hao ndugu kuliko hata mchanganyiko wenyewe.

Pakiti za sasa ni zilezile?

Hapana. Bikaboneti iliharibika upesi kwenye joto na unyevu, ikabadilishwa kwa sitrati. Mwaka 2002 chumvi ikapunguzwa kutoka gramu 3.5 hadi 2.6 kwa lita, na glukosi kutoka 20 hadi 13.5, kwa sababu mchanganyiko mwepesi hupunguza kutapika na wingi wa choo.

Naweza kutumia nusu pakiti kwenye glasi?

Usifanye hivyo. Unga haukai sawasawa ndani ya pakiti. Nusu moja yaweza kubeba chumvi nyingi, na chumvi ikizidi mtoto hupata kiu kali, hata degedege. Soma pakiti: nyingi ni za lita moja, zipo za ujazo mdogo. Chemsha maji, yaache yapoe, ndipo umimine unga wote. Usiongeze sukari wala maziwa. Yakipita saa 24, mwaga.

Pakiti ikikosekana: lita moja ya maji, vijiko vidogo (vya chai) 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikifutwa juu vikawa sawa na ukingo.

Mtoto wa chini ya miaka 2 apewe mililita 50 hadi 100 kila anapoharisha. Wa miaka 2 hadi 10, mililita 100 hadi 200. Akitapika, subiri dakika 10, kisha endelea kidogo kidogo kwa kijiko.

Nimempa, mbona bado anaharisha?

ORS hurudisha maji, haifungi choo. Kinachofupisha kuharisha ni zinki: miligramu 20 kwa siku, siku 10 hadi 14, chini ya miezi 6, miligramu 10. Akilegea, macho yakizama, akishindwa kunywa au choo kikiwa na damu, mpeleke kituo cha afya saa hiyohiyo, na njiani uendelee kumnywesha kama anaweza kumeza.