Fildi ya Mjomba au Ghala la Dagaa?

SWALI: Ndugu Mshauri, mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili wa shahada ya uhasibu katika chuo kimoja hapa Mwanza, na ninaishi Malimbe. Muhula huu ukiisha tunatakiwa kwenda kwenye mafunzo kwa vitendo, yaani fildi. Mjomba wangu amenipatia nafasi katika ofisi kubwa mjini, lakini wenzangu waliopitia hapo wanasema walishinda wakitoa nakala na kupanga majalada. Mama mmoja mwenye ghala la dagaa pale Mwaloni, Kirumba, yuko tayari kunipokea nimsaidie hesabu zake, ila wenzangu wananicheka. Baba naye anasema nisihangaike na lolote, nipate alama nzuri tu, kazi itakuja. Nifanyeje? Mwanafunzi, Malimbe.

JIBU: Mimi ningekwenda Mwaloni, ila kwanza ningemwona mratibu wa mafunzo chuoni, kwa kuwa vyuo vingine havikubali ripoti ambayo haikutiwa saini na msimamizi mwenye taaluma husika. Iwapo mama huyo ana mhasibu aliyesajiliwa anayemwandalia hesabu za mwaka kwa ajili ya mamlaka ya mapato, TRA, omba mhasibu huyo awe msimamizi wako. Jambo hilo lisipowezekana, ushauri wangu unabadilika, kwa sababu hakuna faida ya kujifunza kazi kwa miezi miwili kisha ukafeli somo lenyewe.

Wanaokucheka nadhani hawajawahi kuzitazama hesabu za biashara ya dagaa kwa karibu. Dagaa wa ziwani huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi inapokuwa kali uvuvi husimama kwa siku kadhaa, hivyo fedha hujaa na kukauka kufuatana na mwezi wa angani wakati kodi ya ghala, walinzi na vibarua wanadai kwa kalenda ya kawaida. Mwenye ghala mara nyingi huwa amekwisha kumkopesha mwenye mtumbwi mafuta na nyavu, na deni hilo hukatwa kidogo kidogo mzigo unapofika. Mvua ikinyesha kabla dagaa hawajakauka, thamani yao hushuka, na mtu fulani hana budi kuamua hasara hiyo iandikwe wapi na lini. Wadaiwa, bidhaa ghalani, mtiririko wa fedha: mada ambazo darasani mmezisoma kwa mifano ya kampuni za kufikirika utazikuta hapo zikiwa na harufu, na zikiwa na mtu anayekusubiri umwambie kama mwezi huu amepata au amepoteza.

Hata hivyo, usikubali kuishia kuhesabu magunia mlangoni. Kabla ya kuanza, mweleze mama kwa heshima kwamba ungependa kuandika vitabu vya mwezi mzima kuanzia risiti hadi taarifa ya mapato na matumizi, kulinganisha daftari la fedha na taarifa ya benki, na kuona namna risiti za EFD, ile mashine ya kielektroniki ya kodi, zinavyotunzwa. Ikiwa ana waajiriwa wa kudumu, omba kushiriki kuandaa mishahara, ukajue kodi ya mapato ya wafanyakazi inavyokatwa na kwa nini ni lazima iwe imelipwa kabla ya siku ya 7 ya mwezi unaofuata kupita. Andika kila jioni ulichokifanya, lakini usinakili takwimu za mwenye mali wala majina ya wadeni wake. Siri za biashara ya mtu hazipelekwi hosteli.

Kuhusu baba, hajakosea, ila amesema nusu ya jambo. Alama zako ni muhimu, tena usizichezee. Lakini anayeomba kazi serikalini kupitia Sekretarieti ya Ajira kwa kawaida hukutana kwanza na usaili wa mchujo wa kuandika, na anayevuka huitwa kwenye usaili wa mahojiano, ambako ni lazima aeleze kwa kinywa chake mwenyewe namna kazi inavyofanyika. Mwajiri binafsi naye atakuuliza umewahi kufunga hesabu za mwezi au la. Mwambie baba pia kwamba mhasibu hamalizi kwa shahada: iko mitihani ya NBAA (bodi ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu), ambayo hufanyika Mei na Novemba, na ni vema kuanza sasa kuuliza shahada yako itakuingiza katika ngazi gani na ada yake ni kiasi gani, ili familia isishtukizwe baada ya mahafali.

Limebaki la mjomba, ambalo naona ndilo linalokunyima usingizi ingawa umelitaja kwa sentensi moja tu. Usimtumie ujumbe wa simu. Nenda nyumbani kwake, msalimie, mshukuru kwa kuhangaika, kisha mweleze sababu zako bila kuidharau ofisi aliyokutafutia. Mwombe asome barua zako za maombi ya kazi, au akukutanishe na mkaguzi wa hesabu anayemfahamu ili umuulize maswali. Mjomba aliyekuombea nafasi kwa watu ameweka heshima yake rehani, kwa hiyo mpe muda wa kuwaarifu mapema kwamba hutafika.

SWALI: Jina langu la katikati katika cheti cha kuzaliwa halifanani na lililo katika cheti cha kidato cha nne. Naambiwa nisubiri hadi nihitimu. Ni kweli? Msomaji, Ukerewe.

JIBU: Usisubiri. Wanaoitwa kwenye usaili wa ajira za umma hutakiwa kufika na vyeti halisi, na wale ambao majina yao yanatofautiana hutakiwa kuwa na hati ya kisheria inayothibitisha majina hayo, ambayo wakili anaweza kukuandalia. Muda kati ya tangazo la usaili na usaili wenyewe huwa mfupi, na kivuko hakimsubiri mtu. Kama cheti chako halisi cha kidato cha nne bado kiko shuleni, kichukue likizo hii, maana hati za matokeo na matokeo ya muda hayapokelewi badala yake.